Msiwasingizie Bibi Zetu

Kuna kauli ambayo sisi watu wa Njombe tumeisikia mpaka imetukaa masikioni: chakula kipo tele, tatizo watu hawajui kula. Inasemwa kwenye warsha za lishe, kwenye mikutano ya hadhara, redioni na hata vijiweni. Anayeisema huwa na takwimu mkononi, na takwimu zake ni za kweli. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 53.6 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kilichozidi mikoa yote. Utafiti wa mwaka 2022 uliiweka Iringa mbele kwa asilimia 56.9, nasi tukafuata kwa 50.4, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 30. Msemaji akishazitaja namba hizo hugeuka akatazama mahindi, viazi, maharage na parachichi vilivyojaa mashambani, kisha hutoa hukumu. Kosa ni la mila. Wabena wa hapa wameng'ang'ania ugali wao na ulanzi wao, wanalea watoto kama walivyolelewa, na bibi ndiye anayewapotosha wakamwana.

Naipinga hukumu hiyo toka mwanzo hadi mwisho. Mtoto anayedumaa leo katika Kata ya Ramadhani hapa Njombe mjini, au kule Makambako, halishwi mila ya Wabena. Analishwa kilichobaki baada ya mila hiyo kuvunjwavunjwa kwa muda wa karibu miaka mia, na waliovunja hawakuwa bibi zetu. Ukimwambia mama yake asahau hata hicho kidogo kilichobaki, unamnyang'anya dawa ukidhani unamwondolea ugonjwa.

Tuanze na kikombe chenyewe. Ni asubuhi ya Juni, baridi ya Ramadhani inapenya mifupani, na mama anatakiwa awe kwenye kibarua cha chai au shamba la viazi kabla jua halijapanda. Anakoroga uji wa sembe. Ili mtoto wa miezi kumi aweze kuumeza, lazima uwe mwepesi, na ukishakuwa mwepesi ni maji ya moto yenye unga kidogo na kijiko cha sukari. Unaingia kwenye chupa ya chai. Dada yake mwenye miaka minane atampa kikombe saa nne na kingine saa nane, mpaka mama arudi. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, kwa hiyo linajaa upesi. Anashiba, analala, halii. Mwaka unapita kabla mtu hajagundua kwamba nguo za mwaka jana bado zinamtosha.

Sasa niambieni, hiyo ni mila ya nani? Sembe ile imekobolewa mashineni; kiini cha punje, chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini, kimekwenda na pumba, na pumba zimekwenda kwa nguruwe. Mashine ya kukoboa, sukari ya dukani, kibarua cha kuchuma chai, mtoto kulelewa na mtoto mwenzake kutwa nzima: hakuna hata kimoja ambacho mzee wa Kibena alikiacha kama wosia. Hayo ni maisha ya kisasa ya mtu maskini, na tumeyapachika jina la mila kwa sababu anayeyaishi amevaa kitenge na anakaa kijijini.

Nyanda hizi zilikula ulezi kabla ya mahindi kuzitawala. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini yanayojenga mifupa. Gramu 100 za sembe hazifikishi hata 10. Babu zetu hawakuwa na maabara ya kupimia kalisi, lakini walijua kwamba mwanamke aliyejifungua anapewa uji wa ulezi, na walijua hivyo kwa kutazama watoto wao vizazi kwa vizazi. Kwa nini basi ulezi ulirudi nyuma? Ulezi unataka mikono mingi. Unapaliliwa kwa kuinama, unavunwa suke kwa suke, unapurwa, unapepetwa. Wakati wa ukoloni mikono hiyo iliondoka. Vijana wa Njombe walikwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na jembe likabaki kwa mwanamke peke yake. Mwanamke aliyebaki peke yake na shamba la watu wawili huchagua zao litakalomruhusu kulala. Alichagua mahindi, nami simlaumu.

Kisha ikaja miaka ya 1970. Serikali ilitangaza bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, Shirika la Taifa la Usagishaji likawa mnunuzi, mbolea ikatolewa kwa ruzuku, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ikapita Makambako. Mkulima wa Njombe, aliyeko mbali na Dar es Salaam, alilipwa sawa na aliyeko jirani na jiji. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la taifa, na bado ndivyo zilivyo. Hadi leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake pale Makambako. Tulijivunia kulisha nchi, na tulistahili kujivunia. Lakini tusijisahaulishe nani aliyeamua kwamba shamba lote liwe mahindi. Uamuzi ulitoka juu, ukiwa na mbegu, mbolea, bwana shamba na bei. Bibi aliyekuwa akichanganya ulezi, kunde, maboga na njegere katika kishamba kimoja aliambiwa kuwa huo ni ukulima wa kizamani. Leo wajukuu wa waliomwambia hivyo wanarudi kumuuliza kwa nini mjukuu wake hali vyakula mchanganyiko.

Dunia imeshawahi kulipa kwa kosa hili, na zao lilikuwa hili hili. Wenyeji wa Meksiko, waliolilea hindi tangu likiwa nyasi za porini, walikuwa na desturi ya kulichemsha kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kulisaga. Mgeni angeona ni ushamba. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, punje ilisafiri na desturi ikaachwa nyuma. Maskini wa Italia ya kaskazini waliokula uji mzito wa mahindi mwaka mzima wakaanza kuugua pelagra, maradhi ya kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Kusini mwa Marekani ikawa hivyo hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wakafa kwa maelfu. Wakubwa walisema ni uchafu wa maskini, ni damu mbovu ya ukoo, ni vijidudu. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza, naye akaonyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye sahani. Baadaye sayansi ilieleza kwamba ile chokaa ya Meksiko huifungua vitamini iliyofungika ndani ya punje, ili mwili uweze kuitumia. Desturi ya jikoni iliyodharauliwa ilikuwa imebeba elimu ambayo madaktari wa Ulaya na Marekani waliitafuta kwa zaidi ya karne moja.

Sisi hatuhitaji kwenda Meksiko kupata mfano wa namna hiyo. Chukua kimea. Kila mwanamke wa nyanda hizi aliyewahi kupika pombe ya nafaka anajua kuloweka ulezi, kuufunika mpaka uchipue, kuuanika na kuusaga. Sasa chukua uji mzito, ule ambao mwiko unasimama na mtoto hawezi kuumeza, utie kijiko cha kimea ungali vuguvugu, ukoroge. Baada ya dakika chache unalegea na kutiririka, bila kuongezwa hata tone la maji. Ndani ya punje iliyochipua kuna kimeng'enya kinachokata wanga vipande vidogo. Maana yake ni kwamba kikombe kile kile, kwa tumbo lile lile dogo, sasa kimebeba unga mwingi zaidi kuliko kikombe cha dada mwenye chupa ya chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliuchunguza uji huo maabara na kuandika matokeo yaliyosomwa duniani kote. Na togwa, uji uliochachushwa, ilichunguzwa pia: asidi yake huzuia vijidudu vinavyoleta kuharisha. Kila kuharisha kunamrudisha mtoto nyuma katika kukua. Kwa hiyo ndani ya chungu cha bibi mlikuwamo dawa mbili za udumavu, nasi tulikuwa tukimfundisha kuandaa uji wa sembe.

Nataka vijana wanaofanya kazi ya lishe hapa wasome habari za Programu ya Lishe ya Iringa. Ilianza mwaka 1983, Njombe, Makete na Ludewa zikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na WHO na kwa fedha za Italia. Ilianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji, wanakijiji wenyewe wakajadili kwa nini mtoto wa fulani hakui na nini kifanyike. Walikuta kwamba mama hana muda, kwamba mtoto anakula mara mbili kwa siku badala ya mara nne au tano, kwamba uji ni mwepesi mno. Kimea kikaingizwa katika ulishaji wa watoto. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto mama zao wakiwa shambani. Katika miaka michache utapiamlo mkali ulipungua sana, na mfumo wa fikra uliozaliwa katika vijiji hivi ukaenda kuwa mwongozo wa UNICEF kwa dunia nzima. Hayo yalifanyika hapa. Yalifanikiwa kwa sababu waliokuja walikaa chini wakauliza watu wanapika nini, kwa nini, na nani anabaki na mtoto. Hawakuja na hukumu mfukoni.

Leo anayetaka kujua nini kimekibadilisha chungu cha Njombe asimame barabarani msimu wa viazi. Magunia yanapangwa kandokando, yameshonewa kilemba juu mpaka yanaitwa lumbesa, dalali anazunguka, lori linasubiri kwenda Dar es Salaam. Maharage yanakwenda. Njegere zinakwenda. Mayai ya kienyeji yanakwenda, kwa sababu yai moja la kuku wa kienyeji linanunua chumvi na kiberiti. Parachichi, ambalo kwa mafuta yake lingemfaa sana mtoto anayeanza kula, linahesabiwa kwa ajili ya meli ya Ulaya, na yanayobaki nyumbani ni yaliyokataliwa. Sisemi watu wasiuze. Ada ya shule haitoki kwenye bakuli la maharage. Lakini soko linapochukua kila chenye lishe na kuacha sembe, haifai kumwita aliyeachiwa sembe mshikilia mila.

Hata kitoweo cha mtoto kilikuwa na mpango wake. Katika majiko mengi ya Nyanda za Juu Kusini walifugwa simbilisi, ambao wengi huwaita pimbi. Wanakaa pembeni ya moto, wanakula maganda na majani, wanazaa upesi. Mmoja anatosha kitoweo cha watoto bila kungoja sikukuu wala kuomba ruhusa ya kuchinja kuku. Siku hizi mtoto akisema shuleni kwamba kwao wanakula pimbi, wenzake wanamcheka, na mama anaona aibu. Aibu hiyo haikutoka kwetu. Na kwa anayesema kwamba simbilisi, mahindi na viazi vyote vimetoka Amerika, kwa hiyo hakuna mila ya kweli ya kutetewa, namjibu kwamba mila ya chakula haipimwi kwa asili ya mbegu. Mnyama wa mbali alipewa nafasi jikoni, akapewa kazi ya kulisha watoto, vizazi vikarithishana namna ya kumfuga. Jamii iliyo hai huvifanya vigeni kuwa vyake kwa utaratibu wake. Sembe haikupewa muda huo.

Najua mtaniuliza ulanzi. Mtoto mchanga asipewe ulanzi, hilo halina mjadala, na mama anayeshinda kilabuni akiwa na mtoto mgongoni anamdhuru. Lakini tazameni ulanzi ulivyokuwa. Ni utomvu wa mwanzi mchanga, unaokatwa ncha na kufungiwa mbeta, chombo cha kukingia, wakati wa mvua. Siku ya kwanza ni mtamu, kesho yake umekuwa pombe. Mvua zikikatika, mwanzi nao unakatika. Ulikuwa na msimu, ulikuwa na wakubwa wa kuugawa, na ulikwenda pamoja na mgowe, siku ambayo jirani zako wanakulimia nawe unawatuliza kiu. Unywaji wa mwaka mzima, kila siku, kwa fedha taslimu, wa komoni na pombe kali za dukani, umekuja baada ya utaratibu ule kufa. Tunalaani kinywaji, na hatuulizi amri zilizokizunguka zilikwenda wapi.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wahukumu wetu hawaligusi. Mwaka 2011 hadi 2012 utafiti wa taifa ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe, wa miaka 15 hadi 49, wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Miaka kumi hivi baadaye, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kilikuwa 12.7. Kwa muda mrefu kabla dawa hazijaenea tulizika mama wa makamo, wale hasa ambao kazi yao katika ukoo ni kumpokea mwali aliyejifungua na kumwonyesha. Kupika hakufundishwi kwa maneno. Binti anasimama kando ya anayejua, anaona mkono unavyokoroga, anajua kwa harufu togwa imeiva lini. Anayejua akifa binti akiwa na miaka tisa, binti huyo atakapozaa atakoroga sembe na sukari, kwa sababu hicho ndicho maandishi ya dukani na jirani wa chumba cha pili wanachoweza kumwonyesha. Acheni kumwita mjinga. Huyo ni yatima.

Je, mila zetu zote za chakula ni njema? Hapana. Zilikuwapo nyumba ambazo mjamzito alikatazwa mayai, ambazo minofu ilikwenda kwa baba na watoto wakabaki na mchuzi. Hayo yaachwe, na wengi wameshayaacha. Jamii inayojua chakula chake ndiyo yenye uwezo wa kukirekebisha. Iliyokipoteza inabaki kupokea tu. Wala sipingi chumvi yenye madini joto, unga ulioongezwa virutubishi, au matone ya vitamini A kliniki. Vimeokoa watoto. Ninachopinga ni wazo kwamba chakula ni orodha ya madini, kwa hiyo haidhuru kinapikwa na nani, kwa kumbukumbu gani, mradi madini yameingia. Virutubishi vinaletwa na mradi, na mradi una mwisho wake. Mzigo wa unga usipofika, mama anabaki na kile anachojua.

Kenya walilitambua hili mapema. Mboga kama mnavu na mgagani zilikuwa zimebezwa kuwa chakula cha maskini. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa, akiwamo mtaalamu wa mimea Patrick Maundu, walishirikiana na jamii, na kwa Waisukha wa magharibi na Wapokot wakawatuma wanafunzi kuandika yale ambayo wazee wao wanayajua kuhusu mboga, mbegu na mapishi. Mboga zile sasa zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Hakuna kilichotumika kule ambacho hatuna hapa. Tuna shule Ramadhani, tuna shule Makambako, tuna wazee wanaokumbuka majina ya aina za ulezi ambazo vijana hawajawahi kuziona.

Na fedha zipo. Serikali imeelekeza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Nataka sehemu ya shilingi hiyo inunue mbegu ya ulezi na kuifikisha kwa mama kabla ya mvua za kwanza. Nataka mashine za kusaga zihimizwe kusaga dona, na vijiji virudishiwe vituo vya kulelea watoto vilivyokuwapo miaka ya 1980, kwa sababu hakuna elimu ya lishe itakayomlisha mtoto ambaye mama yake yuko kwenye chai kutwa. Na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofika, kabla mtaalamu hajafungua vitabu vyake, bibi mmoja anayejua kutengeneza kimea aitwe mbele, apewe kiti, sufuria na posho ile ile wanayopewa wawezeshaji, na mabinti wasogee karibu waone mkono wake.